Uongo wa kheri na heshima ya asiyekuwepo

Mwaka 2009 mwongozaji wa filamu kutoka Iran, Asghar Farhadi, alitunukiwa tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwongozaji bora katika tamasha la Berlin kwa filamu yake "Kuhusu Elly". Ni kisa cha familia za Kiislamu za tabaka la kati, na tumeona kina funzo kwa wazazi wenzetu.

Marafiki wa Tehran, pamoja na watoto wao, wanakwenda kupumzika kando ya Bahari ya Kaspi. Sepideh amemwalika Elly, mwalimu wa chekechea wa bintiye, akikusudia kumkutanisha na Ahmad, aliyeachana na mkewe na kurejea kutoka Ujerumani. Ili wapate nyumba, Sepideh anamwambia mwenyeji kwamba wawili hao ni maharusi. Wenzake wanacheka. Siku ya pili mtoto mmoja anazama na kuokolewa, lakini Elly, aliyekuwa akiwaangalia watoto, haonekani tena.

Ndipo siri zinapofumuka. Elly alikuwa na mchumba, na Sepideh alilijua hilo. Elly aliukataa mwaliko kwa sababu hiyo, naye akamshikilia mpaka akakubali. Mchumba anapofika, anataka jibu la swali moja: je, Elly alikataa? Wenzake wanamsihi Sepideh afiche, wasije wakaingia matatani. Huku akilia, anajibu kwamba hakukataa. Baadaye maiti inapatikana, na mchumba anaitambua akiwa ameshaamini kwamba alisalitiwa.

Sepideh si mtu mwovu, alitaka kheri. Lakini dini yetu imekataza kuposa juu ya posa ya ndugu, na kheri iliyojengwa juu ya siri hiyo ilihitaji uongo wa pili, kisha wa tatu. Gharama ya uongo wa mwisho hakuilipa aliyeusema, bali aliyekwisha kufa.

Nasi katika misiba yetu huwa tunatunga maneno ili kuzuia fitina au kulinda jina la ukoo. Kumsitiri marehemu aibu yake ni wema. Kumtwisha aibu isiyo yake ili sisi tusilaumiwe ni dhulma. Basi kabla ya kutamka, tujiulize ni nani atakayelipa. Ikiwa ni yule aliye kaburini, tuvumilie lawama yetu, tuseme kweli.