Usiogope Kupimwa Tumbo

Mkulima wa Karurumo, ukiona mti wa kahawa unanyauka, unafukua udongo na kutazama mizizi. Hutii dawa kwa kubahatisha. Basi mbona tumbo likiuma unameza dawa za kiungulia mwaka mzima bila kutazamwa ndani?

Kipimo cha kutazama tumbo huitwa endoskopi. Koo hutiwa dawa ya ganzi, kisha mpira mwembamba wenye taa na kamera hupitishwa kinywani mpaka tumboni. Hakuna kisu, na kazi huisha kwa dakika chache. Daktari aweza kuchukua kipande kidogo cha nyama kipimwe. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na kijidudu kilichogunduliwa na Marshall na Warren, Australia, mwaka 1982. Vidonge hukiua.

Utumbo mpana hutazamwa kwa kupitia njia ya haja kubwa, baada ya kunywa dawa ya kuusafisha. Vinyama vidogo huondolewa papo hapo, kabla havijageuka saratani.

Kumbuka haya:

1. Usile tangu saa utakayoambiwa.
2. Taja dawa zote unazotumia.
3. Ukipewa dawa ya usingizi, uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Chakula kikikwama kifuani, ukikonda bila sababu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje mavuno yaishe. Ukitapika damu, nenda saa ile ile. Saratani ya umio huua watu wengi Kenya kwa sababu huonwa ikiwa imechelewa. Muulize daktari wa Hospitali ya Embu utapimwa wapi. Shamba litakungoja, ugonjwa haungoji.