Bunduki ya Shabaha: Bei Yake na Kosa Lake

Mwezi wa Agosti 2004, katika Michezo ya Olimpiki ya Athens, Mmarekani Matthew Emmons alitwaa medali ya dhahabu ya kulenga shabaha ya mita 50 akiwa amelala kifudifudi. Bunduki aliyoitumia haikuwa yake. Yake ilikuwa imeharibiwa kwa makusudi miezi michache kabla, naye akaazima ya mwenzake. Siku chache baadaye, katika shindano la mikao mitatu, alikuwa akiongoza na amebakiwa na risasi moja tu. Aliipiga barabara, lakini katika shabaha ya jirani yake. Akapewa sifuri, na kutoka nafasi ya kwanza akaangukia ya nane.

Mkasa huo hupendwa na wale wadaio kwamba bunduki si kitu, mtu ndiye kila kitu; ingawa husahau kwamba hata ile ya kuazima ilikuwa bunduki ya mashindano. Wauzaji nao wana madai yao, kinyume cha hayo. Kwa mwanasayansi madai yote mawili yana upungufu mmoja: hayana kipimo. Suala la kununua bunduki ya bei nafuu au ya bei ghali ni suala la hesabu, na hesabu yenyewe haizidi ile kanuni ya Pythagoras ya pembetatu mraba.

Mfano mzuri ni bunduki ya hewa ya mita 10. Nchini Marekani mchezo huu huchezwa katika shule nyingi za sekondari, na mashindano ya vijana yamegawanywa katika madaraja mawili. Daraja moja ni la bunduki nyepesi na rahisi, zenye bei ya dola mia kadhaa, na daraja hilo liliwekwa ili gharama isiwafungie mlango vijana wasio na uwezo. La pili ni la bunduki za usahihi wa hali ya juu, ambazo bei yake hufika dola elfu kadhaa. Shabaha ni ile ile. Kwa mzazi uamuzi huu si mchezo, kwani baadhi ya vyuo vikuu vya huko hutoa ufadhili wa masomo kwa walengaji hodari, na vyuoni hakuna daraja la bunduki nafuu.

Shabaha yenyewe ni ndogo mno. Duara la kumi ni nukta yenye kipenyo cha nusu milimita, na kila duara linalofuata liko milimita 2.5 nje ya lile lililotangulia. Tundu likigusa tu nukta ile, mlengaji hupata pointi kumi. Kwa kuwa risasi ina kipenyo cha milimita 4.5, kitovu chake chaweza kupotoka milimita 2.5 na bado ikahesabiwa kumi. Sasa bunduki kutoka begani hadi ncha ya mtutu ina urefu wa kadiri ya mita moja. Ncha hiyo ikisogea robo ya milimita, yaani unene wa karatasi mbili tatu za daftari, risasi husogea milimita 2.5 huko iendako. Pumzi na mapigo ya moyo vyatosha kuleta msogeo huo, na hakuna duka liuzalo dawa yake.

Basi, fedha hununua nini? Kwanza, hununua mwendo usiobadilika. Risasi iendayo mita 170 kwa sekunde huchukua sekunde 0.059 kufika, na katika muda huo huanguka milimita 17 kwa nguvu ya uvutano. Ikitoka kwa mita 165 kwa sekunde, huanguka milimita 18. Hivyo upungufu wa mita 5 tu katika mwendo humnyang'anya mlengaji milimita nzima, hata kama mkono wake haukutikisika kamwe. Bunduki ghali ina chombo kinachopima hewa iliyoshindiliwa ili kila risasi isukumwe kwa kani ile ile. Bunduki nafuu za madukani, zile za springi, zina tatizo jingine: pistoni huruka mbele wakati risasi ingali ndani ya mtutu, na bunduki nzima hushtuka kabla risasi haijatoka. Pili, fedha hununua kifyatuo laini. Katika daraja la bunduki nafuu, kanuni za Marekani hudai kifyatuo kisichovutika kwa chini ya uzito wa gramu 680 hivi; katika bunduki za juu, gramu 100 hutosha. Tatu ni kitako kinachoweza kurefushwa na kufupishwa kulingana na mwili wa mtumiaji.

Hata hivyo makosa hayajumlishwi kama shilingi. Kosa la mtu na kosa la chombo, iwapo hayategemeani, huungana kama pande mbili za pembetatu mraba, na kosa lote ndilo upande mrefu. Na ichukuliwe, kwa mfano, kwamba bunduki nafuu ina mtawanyiko wa milimita 3 na ile ghali milimita 1. Mwanafunzi mpya mwenye mtawanyiko wa milimita 12 atapata jumla ya 12.4 kwa bunduki nafuu, na 12.0 kwa ile ghali. Kwa maelfu yale ya dola amenunua theluthi moja ya milimita! Bingwa mwenye mtawanyiko wa milimita 2 atapata 3.6 kwa ya kwanza na 2.2 kwa ya pili. Kwake yeye tofauti hiyo ndiyo ushindi wenyewe, hasa kwa kuwa katika fainali kila robo ya milimita huhesabiwa kuwa sehemu ya kumi ya pointi.

Kwa hiyo fedha ya mwanafunzi mpya itumike zaidi kwa risasi na mazoezi. Lakini hesabu hii ina sharti moja, nalo husahauliwa: kwamba makosa hayo mawili hayategemeani. Kitako kirefu kupita kiasi kwa mtoto, au kifyatuo kizito kinachomlazimisha kukaza mkono, humwongezea kosa lake mwenyewe. Hapo unafuu wa bei ni hasara, na bunduki iliyokwishatumika ya daraja la juu yaweza kuwa chaguo bora kuliko mpya ya bei ya chini.

Yafaa pia kujihadhari na kadi ya muuzaji yenye matundu matatu yaliyobanana. Umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi huongezeka kadiri risasi zinavyoongezeka. Kwa bunduki ile ile, kundi la risasi kumi kwa wastani huwa pana zaidi ya mara moja na nusu kuliko la risasi tatu.

Shule za Afrika Mashariki hazihitaji bunduki kulithibitisha jambo hili. Karatasi nyeupe ilazwe sakafuni, juu yake karatasi ya kaboni, na gololi idondoshwe mara ishirini kupitia mrija ulioshikwa kwa mkono kutoka kimo cha mita moja. Mrija mmoja uwe mpana, mwingine uitoshee gololi kwa shida. Kisha mirija hiyo ifungwe kwenye kishikio cha maabara na kazi irudiwe, ili kosa la chombo lipimwe peke yake. Umbali wa kila alama kutoka katikati ya kundi lake upimwe kwa rula, nambari zipewe kipeo cha pili, upatikane wastani, kisha kipeuo chake. Baada ya juma moja la mazoezi, mwanafunzi yule yule ajaribu tena. Hapo tofauti ya mirija, ambayo siku ya kwanza ilimezwa na mtetemo wa mkono wake, itaanza kuonekana katika takwimu.