Mwalimu Aliyehariri Jarida la Mitindo

Mwanafunzi mmoja alinijia hivi majuzi akitaka kuandika tasnifu kuhusu lugha ya majarida ya mavazi. Wenzake walikuwa wamemcheka, na mhadhiri mmoja kumwambia kwamba hayo ni mambo ya susuni na saluni. Nilimwomba aketi, nikamsimulia habari za Pierre de La Mésangère.

Bwana huyu, aliyezaliwa mwaka 1761, alikuwa kasisi na mwalimu katika chuo cha La Flèche, magharibi mwa Ufaransa. Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789 yalizivuruga shule za Kanisa, naye akaenda Paris kutafuta riziki kwa kalamu. Huko alijiunga na Journal des Dames et des Modes, lililoanzishwa mwaka 1797, na mwasisi wake, Sellèque, alipofariki, akaliongoza hadi yeye mwenyewe alipoaga dunia mwaka 1831. Halikuwa la kwanza, maana Cabinet des Modes lilitangulia mwaka 1785. Lakini hili lilidumu hadi mwaka 1839.

Lilitoka kila baada ya siku tano, kurasa nane ndogo pamoja na mchoro uliochapwa kwa bamba la shaba na kutiwa rangi kwa mkono. Chini ya mchoro yaliandikwa maneno machache: jina la kofia, la kitambaa, la mkono wa gauni. Maneno hayo ndiyo yanayonivutia mimi, mtu wa isimu. Picha haisemi kama kitambaa ni hariri au pamba, wala haimfunzi mke wa mfanyabiashara aishiye mbali na Paris namna ya kumwagiza mshonaji wake. Vazi lilihitaji jina ndipo lisafiri. Na nani angefaa kutoa majina kuliko mwalimu?

Mwaka 1821 La Mésangère huyo huyo alichapisha kamusi ya methali za Kifaransa. Wengine huona ajabu. Sisi ambao leso zetu huandikwa methali tusishangae mno! Tena, mwaka 1967 Roland Barthes alitoa kitabu kizima kuhusu maneno yaandamanayo na picha za mavazi majaridani, na hakuna mwanaisimu anayekicheka.

Pendekezo la mwanafunzi wangu litafika mbele ya kamati mwezi ujao. Nimekwisha kulitia sahihi.