NYUMBA ILIYOTELEKEZWA NA HAKI YA JIRANI: MFANO WA RAU, MOSHI

Wananchi wa Visiwani wenye nyumba Tanzania Bara wanakumbushwa kwamba ardhi si jambo la Muungano. Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992 tunayoitumia Zanzibar haifiki Moshi. Huko inatumika Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999. Kwa hivyo, mwenye nyumba Rau ambaye jirani yake ameacha mahala pake pakaota msitu hana sheha wa kumwendea. Atamwendea mwenyekiti wa mtaa.

Kabla ya kwenda huko, ni vyema afahamu kwa nini mahala hapo pameachwa. Rau ni kata ya Manispaa ya Moshi, kando ya mto wenye jina hilo uteremkao kutoka Kilimanjaro, na mji umeingia ndani ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa. Kihamba si kiwanja. Ndani yake wamezikwa wazee, na kwa desturi ya Wachagga ni jambo zito kukiuza kwa mtu wa nje. Basi mwenyewe huishi Dar es Salaam au Arusha, hauzi, hapangishi wala halimi. Bati linaliwa na kutu, shimo la choo limebaki wazi, na mfereji uliozibwa na majani unamwaga maji ya masika kwenye msingi wa nyumba ya pili. Mthamini wa benki akifika, huandika alichokiona.

Mara nyingine mwenyewe amekwisha kufariki na warithi hawajapatana. Hapo wengi hukosea: humshitaki marehemu, na shauri likatupwa. Iulizwe kwanza kama mahakama imemteua msimamizi wa mirathi, kwani yeye ndiye wa kushitakiwa.

Iwapo mwenyewe yu hai, mwezi wa Disemba ndio wakati wake, maana Wachagga wengi hurejea kwao kwa Krismasi. Mazungumzo na yafanywe mbele ya wazee. Jani la isale, mmea ule ule unaooteshwa mipakani, hupelekwa na mkosaji kuomba radhi, na anayepelekewa hatarajiwi kukataa. Mgeni asiyelijua hilo akalirudisha, atawakosa hata waliokuwa upande wake.

Suluhu ikishindikana, njia ni mbili. Palipo na hatari ya afya, kama mazalio ya mbu au choo kilichobomoka, taarifa ipelekwe kwa Afisa Afya wa Manispaa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Palipo na mgogoro wa haki juu ya ardhi yenyewe, huanzwa Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 husuluhisha tu, halihukumu. Zikipita siku 30 bila suluhu, mlalamikaji aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Asitegemee, hata hivyo, kulipwa fidia kwa kuwa tu nyumba ya jirani inachukiza macho. Sheria ya kero hutaka madhara yaonekane: ukuta uliopasuka, maji yaliyoingia ndani. Picha zenye tarehe humfaa kuliko maneno makali. (Nasi tusiwacheke wa Rau, sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka mbele ya macho yetu tarehe 25 Disemba, 2020.) Wala asivunje ua akaingia kufyeka mwenyewe, kwani aliyekuwa mlalamikaji aweza kugeuka mshitakiwa.

Wako wanaopatana kwamba jirani afyeke, naye achukue majani kwa ng'ombe wake wa zizini. Mapatano hayo ni mazuri, lakini yaandikwe na kushuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa. Madai ya kurejesha ardhi huko yana ukomo wa miaka 12, na mwenye kihamba akimwona jirani anaingia kila wiki bila karatasi, atadhani ananyang'anywa.