Julai 18, Siku ya Kikosi cha 54

Wamarekani wana desturi ya kukumbuka vita vyao wiki kwa wiki, na katika kalenda hiyo ndefu mimi huingoja Julai 18. Jioni ya siku hiyo mwaka 1863, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi chini ya kanali mweupe, Robert Gould Shaw, kilishambulia ngome ya Wagner ya majeshi ya Kusini, karibu na Charleston. Shaw aliuawa pale ukutani. Mshika bendera alipoanguka, Sajini William Carney, aliyezaliwa mtumwa Virginia, aliinyakua, akapigwa risasi, akairudisha kwa wenzake. Nishani ya Heshima alipewa mwaka 1900!

Linaloniuma zaidi ni mshahara. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi 10, tena akikatwa 3 za sare. Wanaume wa Kikosi cha 54 walikataa kupokea hata senti, wakapigana bila malipo huku familia zao zikitaabika, hadi Bunge liliposawazisha mishahara mwaka 1864. Ujasiri huo nauona mkubwa kuliko ule wa ngomeni.

Lakini mshahara sawa haukumaliza ubaguzi jeshini. Julai 26, 1948, Rais Truman aliamuru usawa jeshini bila kujali rangi. Hata hivyo, vikosi vya weusi peke yao vilikuwapo bado Vita vya Korea vilipoanza.