Fahamu: Kufungwa kwa Ziwa Tanganyika na Uzazi wa Samaki

Kufunga ziwa ni nini?

Ni amri ya kusimamisha uvuvi kwa miezi 3, ambayo mwaka 2024 ilianza tarehe 15 Mei ikakoma tarehe 15 Agosti, kwa muradi wa kuwapa samaki fursa ya kutaga na makinda wao fursa ya kukua, ingawa ni muda mzito kwa mvuvi ambaye riziki yake yote imo majini.

Ndakala

Hawa ni dagaa wa ziwa hili, nao hutaga mayai maelfu pasipo kuyalinda, nayo huanguliwa yangali yakizama. Na kwa kuwa umri wao ni mfupi, wakivuliwa kabla ya kutaga, samaki wakubwa wanaowala, waitwao mikebuka, nao hupata dhiki.

Samaki wa miambani

Kwenye mawe ya Luhanga, kusini ya mji wa Uvira, jike wa jamii ya Tropheus hutaga mayai machache, aghalabu yasiyofika 20, na kila atagapo moja hugeuka akalidaka kwa kinywa, akayahifadhi humo kadiri ya mwezi mzima, hata wana watoke wamekwisha kamilika umbo. Ni ulezi wa ajabu kwelikweli, na wavu umnasapo jike huyo hutwaa kizazi chake chote.