Kuchagua Injini ya Ndege: Kisa cha Mafundi Baiskeli Wawili

Wengi wetu tumeziona ndege zikipita juu ya mashamba yetu. Tunainua macho, tunasema, "Hiyoo!" kisha tunaendelea kupalilia. Je, tumewahi kujiuliza mtu wa kwanza aliyefanikiwa kurusha ndege yenye injini aliipata wapi injini yake? Tusome kisa hiki. Kinatufundisha namna ya kuchagua injini yoyote, hata ile ya kusaga mahindi.

Ndugu wawili wa Dayton

Huko Marekani, katika mji wa Dayton, walikuwako ndugu wawili, Wilbur Wright na Orville Wright. Hawakusoma chuo kikuu. Kazi yao ilikuwa kuunda, kuuza na kutengeneza baiskeli.

Mwaka 1899 waliunda tiara kubwa yenye mabawa ya ghorofa, yaani bawa moja juu na jingine chini. Mtu alisimama ardhini akaiongoza kwa kamba. Baadaye waliunda ndege zisizo na injini, wakalala juu yake na kuteleza hewani kutoka vilima vya mchanga karibu na Kitty Hawk.

Mwaka 1901 walitengeneza sanduku refu la mbao lenye feni. Humo walipima mabawa madogo ya mfano, zaidi ya mia. Basi wakajua kila bawa hubeba kiasi gani. Hawakukisia. Walipima.

Walijua wanachotaka

Mwisho wa mwaka 1902 walikuwa tayari kutafuta injini. Walijua uzito wa ndege yao pamoja na mtu. Walijua pia nguvu inayotakiwa kuisukuma. Kwa hiyo waliwaandikia barua watengenezaji wa injini. Walitaka injini yenye nguvu za farasi 8 au 9, isiyozidi kilo 82 hivi, na isiyotetemeka sana.

Nguvu za farasi ni kipimo cha kazi ya injini. Injini ya farasi 8 hufanya kazi kubwa kuliko ya farasi 4.

Kwa nini walijali sana uzito? Gari likiwa na injini nzito, barabara hulibeba. Ndege haina barabara, hubebwa na hewa tu. Injini nzito hudai mabawa makubwa. Mabawa makubwa nayo ni mazito, hudai injini kubwa zaidi. Ukianza hivyo humalizi.

Barua zilikwenda, lakini hawakupata injini waliyoitaka. Wangekata tamaa? Hapana. Walimgeukia fundi wa karakana yao, Charlie Taylor, wakamwambia, tutaiunda wenyewe.

Injini ya wiki sita

Taylor hakuwa na mashine nyingi. Alikuwa na mashine ya kukereza chuma, mashine ya kutoboa na vifaa vya mkono. Walichora kila kipande kwenye karatasi, naye akaibandika mbele ya meza yake ya kazi. Baada ya wiki sita injini ikawa tayari.

Ilikuwa na silinda nne. Bodi yake ilisubiwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na shaba, ili iwe nyepesi. Haikuwa na kabureta. Haikuwa na plagi kama za pikipiki zetu. Haikuwa na pampu ya mafuta. Petroli ilishuka yenyewe kutoka tangi lililofungwa juu. Kila kisicho cha lazima kiliachwa.

Februari 1903 waliijaribu. Siku ya pili ya majaribio bodi ilipasuka. Wakasubu nyingine, wakaanza upya. Mwezi Mei injini ilinguruma vizuri, tena ilitoa nguvu za farasi 12. Zile nguvu zilizozidi ziliwaruhusu kuongeza uzito na kuimarisha ndege.

Injini ilikuwa nzito kuliko rubani. Basi wakaiweka upande wa kulia, rubani akalala upande wa kushoto, na bawa la kulia likaongezwa urefu kidogo ili mizani ikae sawa. Minyororo kama ya baiskeli ilizungusha pangaboi mbili za mbao.

Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka kwa sekunde 12, akaenda mita 36 hivi. Ni mwendo wa kutoka nyumba hadi nyumba. Siku hiyo hiyo Wilbur aliruka kwa sekunde 59, akaenda mita 260. Baadaye upepo uliipindua ndege, ikavunjika. Lakini kazi ilikuwa imekwisha fanyika. Kazi yote iliwagharimu chini ya dola 1,000.

Injini peke yake haitoshi

Katika mwaka huo huo, bwana mmoja mwenye elimu kubwa, Samuel Langley, alikuwa na ndege yake. Serikali ya Marekani ilimpa dola 50,000. Injini yake ilikuwa nyepesi, nayo ilitoa nguvu za farasi 52! Ndege hiyo ilijaribiwa Oktoba na Desemba 1903. Mara zote mbili ilitumbukia mtoni palepale ilipoachiwa. Rubani aliokolewa.

Injini ya Langley ilikuwa bora kuliko ya akina Wright, ndege ndiyo haikuwa tayari. Mkokoteni mbovu hauponi kwa kufungiwa ng'ombe wanne.

Ndege ndogo za mfano

Hata leo wako watu wanaounda ndege ndogo za mabawa ya ghorofa na kuziongoza kwa redio wakiwa chini. Wengine hutumia injini ndogo ya mafuta, wengine mota ya umeme na betri. Nao huanza na mzani. Mabawa mawili na nguzo zake hukamata upepo mwingi, kwa hiyo hupenda pangaboi kubwa linalovuta kwa nguvu kuliko dogo linalokimbia sana. Injini ikizidi uzito, pua huinama. Ikipungua, mkia hulemea, na ndege huanguka.

Tujifunze nini?

Kijiji kinapotaka kununua injini ya kusagia au ya kuvuta maji, tusiulize kwanza, "Ipi kubwa?" Tuulize:

1. Kazi yetu ni kiasi gani? Magunia mangapi kwa siku? Maji yapande mita ngapi?
2. Injini ina nguvu za farasi ngapi, nazo zinatosha kazi hiyo?
3. Inakunywa mafuta kiasi gani?
4. Mashine itakayozungushwa ni nzima?
5. Ikiharibika, fundi na vipuri vitapatikana karibu?

Fedha za kijiji zikipotea katika injini isiyofaa, hazirudi. Tupime kwanza, ndipo tununue.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini uzito wa injini ya ndege ni jambo kubwa kuliko uzito wa injini ya gari?
2. Akina Wright walifanya nini walipokosa injini ya kununua?
3. Injini ya Langley ilikuwa na nguvu zaidi. Kwa nini ndege yake haikuruka?
4. Katika kijiji chenu, iko mashine iliyonunuliwa bila kupimwa kazi yake? Imewaletea nini?